Mwambie muganga habari ya zile sauti

Mama mmoja alikuja kwangu, mimi muuguzi wa magonjwa ya akili, mara tatu kabla ya kusema kilichomleta. Ni muuza makala, yaani mkaa, wa upande wa Ndosho, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Mara ya kwanza alisema hapati usingizi na moyo unampiga. Mbele yangu niliona mtu mwenye huzuni nzito: amekonda, sauti chini, machozi karibu. Nikampa amitriptilini, dawa ya huzuni ambayo si ghali na haisumbui kupatikana.

Mara ya pili alikuja kabla ya siku niliyompangia. Amejifunga kitenge kipya, anaongea bila kumeza mate. Usiku alikuwa akilala masaa mawili tu na hasikii uchovu. Makala yote ya stoo amegawia majirani, kwa sababu Mungu amemwonyesha kiwanja cha kujengea kanisa. Mume wake alikuwa na furaha, akidhani dawa imemponya. Mimi niliishiwa nguvu nilipomwona. Nilisimamisha dawa ile siku hiyohiyo.

Mara ya tatu alikuwa ameanguka tena katika giza lake. Mume alitoka kutafuta motari, yaani dereva wa pikipiki, na mama akashika mlango, akageuka: "Muganga, kuna kitu sijawahi ambia mutu."

Tangu kabla ya kuja mara ya kwanza, alikuwa akisikia wanaume wawili wakiongea nyuma ya ukuta wa mbao. Walisema watoto wake watakufa, na kwamba yeye ndiye aliyewauza. Kwa muda wote huo alikuwa akilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Na zile wiki alipokuwa juu, wanaume walewale walikuwa wakiimba jina lake.

Angeniambia hayo siku ya kwanza, nisingempa amitriptilini peke yake. Na mimi ningemuuliza, labda angeniambia. Lawama hiyo ya pili ni yangu. Tangu siku ile namuuliza kila mgonjwa, hata aliyekuja kwa ajili ya kichwa tu.

Kile alichokuwa nacho mama huyo kinaitwa ugonjwa wa bipola: moyo, yaani hali ya hisia, unapanda kupita kiasi kwa siku au wiki, kisha unashuka kupita kiasi kwa wiki au miezi, na katikati mtu anaweza kuwa mzima kabisa. Wengi wanajua sehemu hiyo. Sehemu wasiyoijua ni kwamba bipola inaweza kuleta saikosisi, yaani maruweruwe (kusikia au kuona kisichokuwepo) na imani ambazo hakuna ushahidi unaoweza kuzing'oa. Kwa wenye bipola ya aina ya kwanza, ile yenye kupanda kukubwa, zaidi ya nusu hupitia hali hiyo angalau mara moja maishani. Kwa hiyo ukisikia sauti, hujavuka mpaka fulani ambao wengine hawajawahi kuuvuka. Uko pamoja na watu wengi, na wengi wao wamerudi kazini, shuleni, sokoni.

Mara nyingi saikosisi ya bipola hufuata moyo. Mtu akiwa juu, sauti humsifu, humpa ujumbe wa taifa zima, humwambia anaweza kusimamisha Nyiragongo, volkano yetu, kwa mkono. Akiwa chini, sauti zilezile humlaumu, humwambia ameoza ndani, ameua ukoo. Ndiyo sababu nauliza sauti zinasema nini, na zilianza moyo ukiwa wapi. Dawa ya huzuni ikitolewa peke yake kwa mwenye bipola inaweza kumrusha juu, kama ilivyotokea kwa muuza makala. Sauti alizozificha ndizo zingenifanya niulize habari za siku za nyuma alipokuwa juu.

Hapa kwetu hofu hizo huvaa nguo za mji huu. Mmoja anakataa chakula cha dada yake kwa sababu amewekewa karuho, sumu ya kuua polepole. Mwingine anasema watu wenye silaha wanamfuata. Daktari wa mbali angeandika harakaharaka: imani potofu. Mimi siwezi, kwa sababu Goma watu wenye silaha wapo na tumewaona. Basi simuulizi kama jambo hilo linawezekana. Namuuliza: umejuaje? Aliyeona gari lilelile likisimama mlangoni siku tatu, huyo ana woga wenye msingi, na anahitaji ulinzi zaidi ya vidonge. Anayeniambia, "Jirani alikohoa mara tatu, hapo nikajua," au, "Redio ilitaja jina langu katikati ya habari," huyo ninamkaribisha tukae chini. Na wapo wenye yote mawili, woga wa kweli na ugonjwa juu yake. Hao ndio wanaonichukulia muda mrefu, na sijutii hata dakika moja.

Kwa nini watu wanaficha? Neno kichaa ni zito. Mwanamke anaogopa kurudishwa kwao. Kijana anaogopa kufungwa kamba au mnyororo na kupelekwa katika chumba cha maombi, akae huko miezi. Na kuna sababu nyingine ambayo familia haiifikirii: wakati mwingine sauti zenyewe humkataza. "Ukisema, tutamchukua mtoto." Mtu akikaa kimya mbele yako, usidhani ni kiburi. Huenda anawalinda watu wake.

Juu ya maombi nitasema wazi, maana naulizwa kila wiki. Sali. Mimi pia ninasali. Lakini mkesha ni hatari kwa mwenye bipola, kwa sababu kukosa usingizi usiku mmoja au miwili kunaweza kuwasha hali ya kupanda kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Mwombeeni mchana, yeye usiku alale. Na anayemeza lithiamu, dawa ya bipola, asifunge kavu bila kuongea kwanza na anayemtibu. Maji yakipungua mwilini, dawa hiyo hupanda katika damu hadi kuwa sumu. Kuhara sana hufanya hivyo hivyo, nazo dawa za maumivu ibuprofeni na diklofenaki, ambazo tunanunua kama peremende, huipandisha pia. Mikono ikitetemeka sana, akatapika, akayumba kama mlevi: asimeze kidonge kinachofuata, apelekwe hospitali papo hapo.

Lithiamu ni dawa ya zamani, John Cade aliijaribu kwa wagonjwa wake Australia mwaka 1949, na bado ni kati ya bora tulizonazo kwa ugonjwa huu. Lakini inadai kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo haifai mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani. Wengine hupewa valproati au kabamazepini. Valproati haifai kwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba, kwa sababu huharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni. Kama wewe ni mama na unaimeza, usiiache ghafla kwa sababu umesoma hapa. Njoo tuibadilishe kwa utaratibu.

Kwa zile sauti na hofu, mara nyingi tunaanza na haloperidoli, na hapa nataka familia zinisikilize vizuri. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana, katika siku chache za mwanzo dawa hii hukaza misuli: shingo inapinda upande, macho yanageukia juu, ulimi unatoka na haurudi. Inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Nimeona kijana akiondolewa kitandani katika hali hiyo na kupelekwa kwa pasteri, kwa sababu ndugu waliamini pepo linapigana kabla ya kutoka. Ni misuli. Sindano ya biperideni huilegeza kwa muda mfupi, kisha tunapunguza dozi au tunaongeza vidonge vya Artane, vinavyozuia kukaza huko. Tangu hapo naieleza familia kabla ya kidonge cha kwanza, hata kama foleni ni ndefu nje.

Kuna mambo yanayofanana na bipola na si bipola. Mtu mwenye homa, asiyejua yuko wapi wala leo ni siku gani, anayeongea maneno yasiyoshikana tangu jana, huyo apelekwe hospitali ya kawaida kwanza: malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo haziwezi kungoja. Mama aliyejifungua siku chache zilizopita, halali hata mtoto akilala, anaanza kusema mtoto si wake: hiyo ni dharura ya leo, kwa mama na kwa mtoto. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye bipola, na wiki mbili za kwanza ndizo za kumwangalia kwa makini. Hapo wanaokesha ni ndugu. Mama alale.

Ukija, njoo na mtu mnayelala nyumba moja. Yeye anajua usiku wako kuliko wewe. Leta vidonge vyote unavyomeza, na vya kienyeji pia, sitakugombeza. Nitakuuliza kama sauti zinakuamuru jambo, na kama umewaza kufa. Naomba usishtuke. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo jipya. Wengi hulia baada ya kuulizwa, kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyeuliza.

Na dawa zako ziwe na mfuko wao. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka, watu walikimbia na magodoro wakaacha vidonge juu ya meza. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, wagonjwa wangu kadhaa walikaa siku nyingi bila dawa, na niliwapokea mmoja mmoja wakiwa wamerudi mwanzo kabisa. Sasa naomba kila mmoja awe na akiba ya wiki mbili pamoja na karatasi yenye jina la dawa na dozi, mahali penye kitambulisho.

Goma tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu, Bukavu kuna cha SOSAME, na Lubumbashi kuna kituo kinachobeba jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19 aliyetetea kwamba mwenye ugonjwa wa akili hana haja ya minyororo. Ukiwa mbali na hapo, kituo cha afya cha mtaa kinaweza kukuandikia barua ya kukutuma.

Ikiwa ni usiku na hali imechafuka, toeni chumbani visu, kamba, petroli na dawa za wadudu. Aongee mtu mmoja tu, polepole, yule anayempenda. Msibishane naye kama sauti zipo au hazipo. Mwambieni: mimi sizisikii, lakini naona unaogopa, na niko hapa. Akisema sauti zinamwamuru ajiue au aue, msingoje asubuhi, nendeni kwenye dharura ya hospitali iliyo karibu. Vinginevyo kaeni naye hadi kupambazuke, kisha mtafute teksi. Ikikosekana, chukueni pikipiki, mgonjwa akae katikati, kati ya motari na ndugu yake.