Tundu la HDMI si grafiki

Jamani, tundu la HDMI (la waya wa skrini) kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) halimaanishi una grafiki, yaani sehemu inayochora picha za skrini. Juzi tena mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kaniletea mashine mpya: mazabodi ya B550, prosesa (ubongo wa mashine) ya AMD Ryzen 5 5600, hakuna kadi ya grafiki, skrini nyeusi tii. Aliyemuuzia kamwambia Linux, mfumo endeshi kama Windows, haikubali mazabodi hiyo. Linux inaingiaje hapo? Hata ukurasa wa BIOS, programu ya mazabodi inayoanza kabla ya mfumo wowote, ulikuwa hauonekani!

Grafiki za ndani zimo kwenye prosesa. Mazabodi kazi yake ni kupitisha picha mpaka kwenye tundu. 5600 haina grafiki, 5600G inayo. Herufi hiyo moja ndiyo inayowaliza watu. Kwa Intel herufi ya kuogopa ni F: i5-12400 inayo, i5-12400F haina. Soma jina la prosesa mpaka mwisho kabla hujatoa hela.

Na acheni kuwaambia watu Linux lazima iwe na kadi. Kwa kazi za kawaida, grafiki za ndani za Intel na AMD ndizo zenye amani kuliko zote. Draiva zake (programu za kuziendesha), i915 ya Intel na amdgpu ya AMD, zimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, huna cha kupakua, na kwa mtu anayeishi kwa bando hilo ni jambo kubwa. Ila kerneli isiwe ya zamani kuliko prosesa. Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilikuja na kerneli 6.1, ya Desemba 2022. Ukiiweka kwenye prosesa iliyotoka baadaye sana, prosesa inaweza kulazimika kuchora kila kitu yenyewe bila grafiki, dirisha ukilivuta linaburuzika.

Ramu: nunua mbili za GB 8, usinunue moja ya GB 16. Grafiki hizi hazina kumbukumbu yake, zinatumia ramu ya mashine, na ramu mbili zinafungua njia mbili za kupitisha data kwa pamoja.

Mazabodi yenyewe ichague kwa Wi-Fi yake (mimi nachukua yenye chipu ya Intel) na kwa BIOS inayosasishwa kwa flashi bila Windows.

Kinachonisumbua mpaka leo ni mashine kulala (suspend) na kuamka. Mazabodi mbili, chipseti ileile (chipu ya mazabodi, kama hiyo B550), kerneli ileile: moja inaamka vizuri, nyingine feni zinazunguka na skrini haiwaki. BIOS mpya husaidia mara nyingine, mara nyingine wapi. Kwenye karatasi ya sifa hulioni hilo. Kwa hiyo muuzaji akikubali, washa Linux kwa flashi palepale dukani, ilaze, iamshe, ndipo ulipe.