Chupa Tupu ya Syokimau

Likizo ya Agosti ikikaribia, wazazi wa wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, tumnunulie mtoto kitabu gani cha sayansi aende nacho Mombasa?" Nimefundisha fizikia hapa Nairobi kwa miaka 17, na siku hizi nawajibu hivi: mnunulieni maji ya lita moja. Ayanywe yaishe, kisha aikaze chupa kifuniko kabla treni haijaondoka Syokimau, stesheni yetu ya Nairobi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Tuliozoea kuishi hapa tunasahau kwamba tuko mlimani, na kwamba hewa yetu haina mgandamizo wa ile ya pwani. Hewa mliyoifungia chupani ni ya huku juu. Treni ikiteremka kwenda Mtito Andei, Voi na Mariakani, hewa ya nje inazidi kuibana ile chupa, na mkifika Miritini, stesheni ya mwisho Mombasa, inakuwa imebonyea mbavu zote.

Mara ya kwanza nilifanya jaribio hili na wanangu, binti wa miaka 9 na kaka yake wa miaka 12. Kabla ya kufunga kifuniko nilimpa kila mmoja daftari: andika unavyodhani itakuwa. Nawasihi wazazi wasiiruke hatua hii, hata kama watu wanapanga foleni na mizigo ni mingi. Mtoto akishaandika kwa mkono wake kwamba chupa haitabadilika, ataichungulia kila kituo.

Tulipita Mtito Andei binti akapiga kelele, "Mama, chupa inakufa!" Kaka yake akasema imevuja. Jibu nilikuwa nalo, na kwa mwalimu kunyamaza ni kazi ngumu, lakini nilinyamaza. Nikauliza tu, "Tutajuaje kama imevuja?" Jioni, kwa shangazi yao Kisauni, waliizamisha kwenye ndoo ya maji wakaiminya. Hakuna hata povu moja lililotoka. Kaka akabadili hoja: basi ni joto la Mombasa limeinyausha. Wakachukua chupa nyingine tupu, wakaiweka kwenye friji, wakaibonyeza kidogo na kuifunga ikiwa bado baridi, kisha wakaianika juani. Ikatuna. Joto lilifanya kinyume kabisa cha alichodhani, na alikaa kwenye baraza muda mrefu akiitazama. Pale ndipo aliponiuliza kama hewa ina uzito. Mwaka mzima nilikuwa nikisubiri swali hilo darasani kwangu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Izamisheni chupa iliyobonyea kichwa chini ndani ya ndoo, mfungue kifuniko humo humo majini. Maji yatapanda ndani na chupa itarudia umbo lake. Ifungeni, muitoe, mpime maji yale kwa jagi lenye alama. Chupa ya lita moja humeza takriban mililita 150 hadi 180, kutegemea joto la siku hiyo. Maana yake, hewa iliyojaza chupa nzima Nairobi sasa inajaza kama sehemu nne kwa tano tu na ushee. Mtoto wa Gredi ya 6 anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, na atakuwa amepima mgandamizo wa hewa wa miji miwili kwa chupa na ndoo.

Jikoni kwa shangazi kuna mwendelezo wake. Yeye husema maharagwe yake huiva upesi kuliko yangu, na kwa miaka mingi tulidhani ni jiko. Kwa kuwa hewa ya Nairobi haiyabani maji kama ile ya pwani, huku huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, Mombasa yanafika 100. Maharagwe ya Nairobi yanatokota, lakini kwenye maji yasiyo moto kama ya Mombasa. Pimeni nyumbani kabla ya kusafiri, mpime tena mkifika, kwa kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110. Kile cha kupimia homa kisikaribie sufuria kabisa, kitapasuka. Mtoto asome namba, mtu mzima ashike kipimajoto.

Ufukweni sitasema mengi, kwa sababu pwani ina walimu wake. Wanangu walimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, "Shikamoo babu," naye alipoitikia marahaba ndiye aliyewafundisha bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Walichomeka kijiti mchangani maji yalipokupwa, wakaandika saa. Kesho yake maji yalikupwa kama dakika 50 baadaye, na kesho kutwa vivyo hivyo, kwa kuwa mwezi nao husogea na dunia hulazimika kuzunguka zaidi kidogo ili iukute tena. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na hiyo ndiyo bamvua: Mombasa tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Wavisheni watoto viatu kwenye miamba, na konokono na makombe yabaki pale pale.

Najua si kila nyumba ina nauli ya Mombasa kila mwaka. Barabara ya Magadi inatosha kwa siku moja. Kutoka Kiserian mnateremka hadi Ziwa Magadi, karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, masikio yanaziba, na chupa inabonyea vile vile. Bebeni maji yaliyochemshiwa kabeji ya zambarau. Yakitiwa ndimu hugeuka ya waridi, yakitiwa magadi hugeuka kijani. Mtoto ataelewa kwamba magadi tunayonunua sokoni na kutia kwenye githeri ina ziwa ilikotoka.

Na mkielekea Nanyuki, pale kwenye Ikweta mtaonyeshwa maji yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Mzunguko wa dunia hugeuza dhoruba kubwa za baharini, lakini kwenye beseni nguvu yake ni ndogo mno. Maji hufuata jinsi yalivyomiminwa. Msimwambie mtoto. Mkirudi nyumbani mpeni beseni lenye tundu, ajaribu mara kumi na kuandika kila mara yamezungukia wapi.

Safari yetu ya kurudi, kaka mtu alinunua pakiti ya krisps Mombasa akakataa kuifungua. Aliiweka juu ya meza ya treni, daftari kando yake, na alipofika Emali alinionyesha ukurasa aliouandika Miritini: "Itavimba. Haitapasuka." Pakiti ilikuwa imetuna kama mto.