Kabla ya kuwasomea Injili, wapelekeni kwa bibi

Kwa miaka 14 nimekuwa mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto Wakatoliki, katika parokia moja hapa Mwanza. Walezi wapya huniuliza sana: tuwapeleke wapi watoto wakatende matendo ya huruma? Nami huwauliza: na mtarudi tena lini?

Kwaresima yangu ya kwanza tulikusanya sabuni, sukari na nguo, tukapanda daladala na watoto kama 40 mpaka kwenye makao ya wazee. Tukaimba, tukakabidhi, tukapiga picha, tukaondoka. Njiani binti wa miaka minane akaniuliza, "Mwalimu, yule bibi niliyempa sabuni anaitwa nani?" Sikujua. Tulikuwa watu wazima sita na hakuna aliyejua. Injili ya Mathayo sura ya 6 inatuambia tutoapo sadaka, hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Sisi tulikuwa na picha za mikono yote miwili, lakini jina la bibi hatukuwa nalo. Jambo hilo lilinikaa moyoni muda mrefu.

Nikarudi kusoma shirika letu lilivyoanza. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliguswa na mateso ya watoto wa China. Aliwaomba watoto wenzao wa Ufaransa mambo mawili tu: Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi. Nguvu yote iko kwenye hilo neno "kila". Mtoto hajifunzi kupenda kwa safari moja ya Kwaresima, kama asivyojifunza kusali kwa misa moja ya Pasaka.

Kwa hiyo siku hizi tunafanya hivi. Watoto watano au sita wa jumuiya moja ya parokia wanapewa nyumba moja ya kutembelea, na wanaenda huko Jumamosi mbili kila mwezi, mwaka mzima, wakiwa na walezi wawili. Mlezi hatoki peke yake na watoto, hata awe mtakatifu kiasi gani. Siku ya kwanza hatubebi kitu. Tunaamkia, tunakaa, tunauliza jina, tunauliza mwenyeji mwenyewe anahitaji nini. Bibi zetu wengi wa Kisukuma Kiswahili chao ni cha shida, basi watoto wanajifunza kwanza kusema mwangaluka asubuhi, na wabeja wakipewa kitu. Na kupewa watapewa: karanga, kiazi, hadithi. Nawaambia wasikatae. Mtoto anayetoa tu bila kupokea huanza kujiona mkubwa kuliko anayemsaidia.

Kazi zinafuata umri. Wadogo wanafagia uwanja na kuchambua maharage. Wakubwa wanateka maji, na hapa niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimeona makosa mengi. Nyumba nyingi za Mabatini na Igogo zimejengwa juu ya mawe, na ndoo hupandishwa kwa miguu. Mtoto wa miaka 11 abebe nusu ndoo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi inayodhuru afya au masomo yake, na jina la kanisa haliondoi katazo hilo. Maji yatoke bombani, yasitoke ziwani. Vilevile siwaingizi watoto majini "kusafisha ufukwe", ingawa kila mwaka naombwa. Konokono wanaobeba kichocho wanakaa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu humo. Takataka za nchi kavu zipo za kutosha.

Tukimaliza, tunakaa chini ya mti na kuulizana: umeona nini? Ni kitu gani kilikusumbua? Mathayo 25 naifungua mwisho. Zamani nilianza nayo, na watoto waliisikia kama orodha ya kazi. Sasa wanaposikia "nalikuwa na kiu, mkaninywesha", wanatazamana, maana mabega bado yanawauma.

Mwaka juzi kikundi kimoja kilipewa bibi mwenye macho mekundu. Msukuma anayesoma hapa anajua nasema nini: kwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho hayohayo yakafanywa ushahidi. Watoto walisimama mlangoni. Sikuwahubiria. Nilimwomba bibi aturuhusu tumpikie uji, akakubali. Jiko lake ni chumba kisicho na dirisha, anakokea kuni mbichi, na zikikosekana, samadi kavu ya ng'ombe. Kijana mmoja wa miaka 12 alikazana na moto ule mpaka uji ukaiva, akatoka nje akikohoa, machozi yakimtiririka. Wenzake wakamkodolea macho. "Na wewe macho yako mekundu!" Akajifuta, akageuka kumtazama bibi, akasema polepole, "Kumbe ni moshi."

Chini ya mti siku hiyo sikuwa na la kuongeza. Wao wenyewe waliamua kumtafutia kuni kavu, wakamwomba fundi mmoja wa jumuiya atoboe ukuta aweke dirisha.

Mama wa kijana yule aliposikia mwanawe ameingia jikoni kwa bibi, alimkataza kurudi. Nilimwendea nyumbani mara tatu. Sikubishana naye kuhusu uchawi. Nilimsihi twende wote, aone. Mara ya tatu alikubali, akakaa mbali, kwenye jiwe, kanga kajifunika mpaka puani. Bibi akamtuma mtoto ampelekee kigoda. Siku hizi mama huyo ndiye anayebeba ile ndoo kubwa.