Spesa na plastiki nyeusi havifanyi gari dogo kuwa gumu

"Injinia, si ungeliinua tu inchi mbili, ulizungushie plastiki nyeusi, basi liwe gari la safari?" Swali hili nimelisikia Industrial Area, nimelisikia kwenye yadi za Ngong Road, na juzi limetoka kinywani mwa mtu anayenilipa nimchoree gari dogo la maonyesho. Mbele yake nilimeza mate. Hapa simezi.

Mimi sianzi na taa wala grili. Naanza na magurudumu. Chukua Suzuki Jimny ya 2018: ekseli hadi ekseli ni milimita 2,250, na tairi lake la 195/80R15 lina kimo cha karibu sentimita 69. Kati ya tairi la mbele na la nyuma hayaenei matairi mengine mawili na nusu. Sasa njoo kwa Toyota Vitz ya 2010: milimita 2,510, tairi la 165/70R14, kimo kama sentimita 59. Hapo yanaenea matatu na ushee. Hata asiyewahi kushika rula huiona tofauti hiyo papo hapo, ndiyo maana Vitz iliyotiwa spesa, yaani vipande vya kuinua bodi vinavyowekwa kwenye springi, huonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya mamake, hata ukiivisha plastiki kuanzia bampa hadi bampa.

Halafu kuna uvungu, ile nafasi kati ya ardhi na chini ya gari. Watu wananiuliza uvungu kana kwamba ni namba moja. Jimny imeandikiwa milimita 210. Sawa, 210 kutoka wapi? Kutoka kwenye difu, kasha la gia lililo kwenye ekseli, sehemu iliyo chini kuliko zote. Tumbo lenyewe liko juu zaidi. Chora ekseli mbili zilizoachana 2,250, weka tumbo bapa kwenye 210, upime pembe ya kuvukia tuta bila tumbo kugusa: utapata kama nyuzi 21. Suzuki wenyewe wanaandika 28. Hizo saba zinatoka kwenye tumbo lililofichwa nyuma ya namba. Chukua upande wa pili gari la mtindo wa kisasa, ekseli zimeachana 2,600, na 210 yake imepimwa tumboni: unabaki na nyuzi 18 hivi. Kwenye karatasi ya muuzaji, magari haya mawili yana "uvungu sawa".

Na subiri uyapakie. Watu watano, mizigo ya kwenda Narok, springi zinakaa. Gari ambalo kila gurudumu linajitegemea hushuka na tumbo lake. Ekseli ya kipande kimoja, kama ya Jimny, haishuki, kwa sababu kimo cha difu kinashikiliwa na tairi, si springi. Kwa hiyo kwenye gari la namna hiyo spesa haiiongezei difu hata milimita moja. Ukitaka ipande, nunua tairi kubwa zaidi. Kwenye Vitz au Nissan Note, ndiyo, tumbo litapanda, lakini shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele zitakaa mshazari na viungo vyake vitalika mapema. Spesa ikikaa juu ya springi ya nyuma, shoki inaanza safari ikiwa imeshanyooka nusu. Tairi likifika kwenye shimo, halina pa kushukia. Kisha mwenye gari anarudi Kirinyaga Road kununua shoki nyingine na kulaumu barabara.

Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet. Ile ni gari la saluni, la kawaida la familia. Nenda katazame picha zake, unitafutie plastiki nyeusi.

Siichukii plastiki, lakini. Kwenye ukingo wa tairi inapokea mawe ambayo yangetoboa rangi, na ikivunjika unafungua skrubu unaweka nyingine bila kumwita fundi wa rangi. Pia inadanganya jicho kwa ustadi: weusi wake unaungana na tairi, gurudumu linaonekana kubwa, bodi inaonekana nyembamba. Mimi mwenyewe nautumia ujanja huo. Ila jua letu linaigeuza kijivu, kisha watu wanaipaka mafuta kila Jumapili. Ukinisukuma sana nitakiri kwamba kwenye milango sijui naiweka kwa ajili ya mawe au kwa ajili ya picha. Na zile pembe za Jimny za kupanda na kushuka mwinuko bila bampa kugusa, nyuzi 37 mbele na 49 nyuma, sina hakika mnunuzi wa Nairobi atazihitaji. Adui wake wa kila siku ni tuta la mtaani na ukingo wa maegesho. Bado nazichora, kwa sababu bampa fupi ndiyo inayolipa gari dogo kifua.

Ndani nitakwenda haraka. Boneti bapa, ili dereva aone kona zote mbili. Vitufe vikubwa vya kuzungusha, maana kidole kwenye skrini juu ya murramu kinagusa kila kitu isipokuwa ulichokusudia. Fiat Panda ya 1980 ya Giugiaro ilishamaliza somo hili: vioo bapa, rafu ndefu badala ya dashibodi nono, vitambaa vya viti vinavyovuliwa na kufuliwa.

Kinachoniudhi ndani ni sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji. Kila gari la maonyesho la aina hii linayo, pamoja na plagi ya kutolea maji. Citroën Méhari ya 1968 iliweza, kwa kuwa bodi yake ilikuwa plastiki na ndani hakukuwa na kitu cha kulowa. Gari la leo limejaa nyaya chini ya zulia, na mara nyingi kompyuta ya mifuko ya hewa inakaa katikati, karibu na gia, chini kabisa. Mwaga maji hapo uone. Nimechora mikeka ya raba yenye kingo ndefu, inayotolewa na kuoshwa nje. Haina mvuto jukwaani, najua.

Lililonishinda hadi sasa ni vumbi. Mkia mfupi na mlango wa nyuma uliosimama wima ndivyo vinavyokupa pembe nzuri ya kutokea shimoni, na ndivyo vinavyoacha hewa pungufu nyuma ya gari, vumbi likavutwa hadi kwenye kila ufa. Vitabu hukuambia uweke raba nzuri ya kuziba mlango. Raba nzuri huchoka. Kwenye mchoro wa sasa kuna raba mbili, na bawa dogo ukingoni mwa paa la kusukuma hewa chini mbele ya kioo. Modeli ya kipimo kamili ikipita njia za ndani za Isinya wakati wa kiangazi, nitajua kama bawa linapunguza vumbi au linaongeza kelele tu.