"Kisa cha kweli" katika katuni za zamani: kweli ipi?

Mtu anakata kisanduku kimoja kutoka kwenye katuni ya zamani, Martin Luther King anaonekana akiongea, kisha anakirusha kwenye kundi la WhatsApp na maelezo: "Maneno ya King mwenyewe." Ukimuuliza kayatoa wapi, anakujibu kwamba kitabu chenyewe ni cha kisa cha kweli. Nimeliona hili mara nyingi mno, na naona afadhali tuelewane.

Katuni ya kisa cha kweli ni kitabu cha picha kinachosimulia maisha ya mtu aliyeishi, au mkasa uliotokea, kwa nia ya kufundisha. Ndiyo maana yake yote. Kazi ipo kwenye hilo neno "kweli", na ili ulielewe lazima ujue lilikuwa linabishana na nani.

Mei 1940, mwandishi Sterling North aliandika katika gazeti la Chicago Daily News kwamba katuni walizokuwa wakiuziwa watoto wa Marekani ni aibu ya taifa. Wazazi na walimu wakaja juu. Wachapishaji wa jarida la Parents' wakaona dawa ni kuwapa watoto katuni nyingine, na Aprili 1941 wakatoa True Comics. Toleo la kwanza lilikuwa na Winston Churchill na Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika Kusini, mahali ambapo wenzao waliweka mashujaa wanaopaa angani. Jarida hilo lilifikisha matoleo 84 hadi lilipokoma mwaka 1950. Wachapishaji haohao walitoa Negro Heroes, katuni ya mashujaa weusi, mwaka 1947, na toleo la pili, la 1948, likambeba Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli. Mwaka 1966 Bertram Fitzgerald akaanzisha Golden Legacy, mfululizo wa katuni za historia ya watu weusi, akifungua na Toussaint L'Ouverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti.

Kwa hiyo "kweli" ya akina True Comics ilikuwa na maana ya "huyu mtu alikuwepo, na jambo hili alilifanya". Mzazi alikuwa anahakikishiwa kwamba mwanawe hasomi habari za mtu asiyekuwepo. Hakuna aliyemuahidi kwamba kila neno lililo ndani ya kiputo lilitoka mdomoni mwa mhusika. Lingetokaje? Katuni haiendi bila watu kuongea, na mazungumzo mengi ya kihistoria hayakuwa na mtu wa kuyaandika yalipokuwa yakisemwa. Mwandishi alisoma wasifu, akachagua matukio, akatunga mazungumzo yanayolingana nayo.

Hicho kitabu cha King ndicho kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vyote. Kinaitwa Martin Luther King and the Montgomery Story, kilitolewa mwaka 1957 na shirika la Fellowship of Reconciliation, kurasa 16, senti 10. Kinasimulia mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama: Rosa Parks anakamatwa 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi, watu weusi wa mji ule wanatembea kwa miguu na kupeana lifti kwa siku 381, mpaka ubaguzi ndani ya mabasi unaondolewa. Yote hayo yalitokea. Sasa mtazame msimulizi. Ni mwanamume anayejiita Jones, na anakwambia waziwazi kwamba jina lake la kwanza si la lazima, kwa kuwa anasimama badala ya watu weusi 50,000 wa Montgomery. Jones hakuwahi kuzaliwa. Kisa cha kweli kinasimuliwa na mtu wa kubuni, tena kitabu chenyewe hakikufichi. King alipopelekewa maandishi aliyapokea kwa furaha, na katika barua yake kwa Alfred Hassler, mmoja wa walioyaandaa, alichosifu ni jinsi walivyoushika ukweli ulio ndani ya harakati na falsafa yake. Naye alijua anachosifu.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili: wakisikia mazungumzo yametungwa, wanakitupa kitabu kizima, "ah, katuni tu". Hilo linaniuma zaidi. John Lewis, aliyekuja kuwa kiongozi wa harakati za haki za weusi, alikisoma hicho kitabu akiwa kijana, na vijana wengine wa Kusini mwa Marekani waliotaka kujua mgomo usio na vurugu unaendeshwaje walijifunza humo, maana kurasa za mwisho zinaeleza njia yenyewe.

Halafu hata tukio la kweli ni kweli kwa kadiri ya chanzo chake. Kwa miaka mingi vitabu vilirudia kwamba Harriet Tubman, mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoroka utumwani, alitorosha watumwa 300 kwa safari 19, hesabu iliyotoka kwa Sarah Bradford aliyeandika wasifu wake karne ya 19. Watafiti wa siku hizi wanasema ni watu kama 70, safari kama 13. Mchoraji wa katuni wa 1947 hakuwa na utafiti huo mezani, na ushujaa wa mama yule haupungui.

Basi ukituma kisanduku kile tena, andika tu: "Katuni ya 1957 inavyosimulia." Na ukitaka maneno ya King mwenyewe kuhusu mgomo ule, tafuta hotuba yake ya 5 Desemba 1955 kanisani Holt Street, jioni ya siku ya kwanza ya mgomo. Ile ilirekodiwa.