Redio za simu na kipimo cha betri: kwa nini saa zinazotajwa hazilingani

Apple ilipotoa iPhone 3G mwaka 2008, karatasi ya sifa zake ilitaja muda wa kuongea mara mbili: hadi saa 10 kwenye mtandao wa 2G, hadi saa 5 kwenye 3G. Simu ni ileile na betri ni ileile, lakini nusu ya muda imeyeyuka kwa sababu ya chaguo moja tu kwenye mipangilio. Hata kuperuzi intaneti kulitajwa kwa namna mbili, saa 6 kwa Wi-Fi na saa 5 kwa 3G. Mfano huu naupenda kwa sababu mtengenezaji mwenyewe aliuweka wazi. Siku hizi tunaambiwa tu "inakaa siku nzima", na ni nadra mtu kutaja siku hiyo ilipimwa redio zikiwa katika hali gani.

Redio ninazozisemea hapa si zile za kusikilizia taarifa ya habari. Ni vipande vya ndani ya simu vinavyotuma na kupokea mawimbi: modemu inayoongea na mnara, Wi-Fi, Bluetooth, na GPS, ambayo yenyewe hupokea tu kutoka kwenye setilaiti. Mipangilio ya redio ni majibu ya maswali kama haya: ipi imewashwa na ipi imezimwa? Simu imeruhusiwa kutumia 2G, 3G, 4G au 5G? Ina laini moja au mbili? Kwenye jaribio la betri majibu hayo ni sehemu ya kipimo, sawa na mwangaza wa kioo. Yakibadilika, namba ya mwisho nayo inabadilika.

Mlaji mkubwa mara nyingi ni modemu, na ulaji wake unategemea ubora wa mawimbi pale ulipo. Mnara huielekeza simu itume kwa nguvu kiasi gani. Ukiwa karibu, simu hutuma kwa nguvu ndogo sana. Ukiwa mbali, au ndani ya jengo la zege, inalazimika kupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Simu ya 4G kwa kawaida huishia kwenye miliwati 200 hivi. Ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2, ingawa hutuma kwa vipindi vifupi, takriban sehemu moja ya nane ya muda. Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye antena. Inayotoka kwenye betri ni kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu yake nyingi huishia kuwa joto ndani ya amplifaya, kipande kinachokuza mawimbi kabla hayajatoka kwenye antena. Ndiyo maana simu inayohangaika na mtandao hafifu hupata moto mfukoni.

Kwenye simu nyingi za Android, ukifungua maelezo ya simu na kuingia kwenye hali ya SIM, utakuta namba kama -80 au -110 ikifuatwa na dBm. Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo aliye kwenye -110 anapokea mawimbi dhaifu mara elfu moja kuliko aliye kwenye -80. Watu wawili wanaweza kununua simu ileile siku ileile, mmoja akakaa kwenye -80 na mwenzake kwenye -110, wakabishana hadi usiku kuhusu betri, na wote wakawa wanasema kweli.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho: mkia. Simu ikimaliza kupokea ujumbe, modemu haizimiki papo hapo. Hubaki macho sekunde kadhaa, pengine 10 na ushee kutegemea mtandao, ikisubiri kama kuna kingine kinakuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walipima jambo hili kwenye 3G mwaka 2009, wakaona kwamba katika upakuaji mdogo wa kawaida karibu asilimia 60 ya nishati iliishia kwenye mkia. Hii ina maana kwamba ujumbe mdogo wa WhatsApp unaoingia kila dakika unaweza kuichosha modemu kuliko faili moja kubwa linaloshuka kwa mkupuo. Kwa hiyo jaribio linalofungua ukurasa kila baada ya sekunde 30 na lile linalocheza video iliyohifadhiwa ndani ya simu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tupige hesabu. Betri ya mAh 5000 yenye volti 3.85 ina wati-saa 19 na kidogo. Tuseme kioo, prosesa na vinginevyo vinakula wastani wa wati 1: utapata kama saa 19. Modemu ikiongeza nusu wati kwa sababu mtandao ni dhaifu, unashuka kwenye saa 13. Saa sita zimekwenda, na hakuna aliyegusa mwangaza wala kufungua programu mpya.

Maabara zinalijua hili, ndiyo maana zinakwepa mnara wa mtaani. Simu huwekwa kwenye kisanduku kinachozuia mawimbi ya nje, kisha huunganishwa na mashine inayojifanya mnara, hivyo nguvu ya mawimbi inabaki ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. GSMA, umoja wa kampuni za mitandao ya simu duniani, una mwongozo uitwao TS.09 wa kupima muda wa betri kwa namna hiyo. Apple nayo, kwenye maelezo ya vipimo vyake vya video, husema wazi kwamba Wi-Fi ilikuwa imeunganishwa na mtandao, Bluetooth imeunganishwa na vipokea sauti vya masikioni, na mwangaza wa kujirekebisha umezimwa. Maandishi ni madogo na wengi huyaruka, lakini kwangu yana thamani kuliko ile namba kubwa iliyo juu yake.

Wachambuzi wengi wa simu hupimia kwenye Wi-Fi, na wengine hucheza video simu ikiwa katika hali ya ndege. Sioni kosa hapo, mradi waseme. Hali ya ndege inafaa sana kulinganisha kioo na kioo au prosesa na prosesa. Haifai kumwambia muuza duka ambaye siku nzima anapokea malipo kwa simu yenye laini mbili kwamba atafika jioni na chaji. Laini mbili zina maana kwamba simu imesajiliwa kwenye mitandao miwili na inaamka kusikiliza miito ya yote miwili. Laini moja ikiwa haina mtandao mahali hapo, simu hurudia kuutafuta, na utafutaji huo unakula chaji. 5G nayo, pale inapoegemea 4G, huifanya simu ishike miunganisho miwili kwa pamoja wakati wa kutumia data.

Wanaojaribu wenyewe hunaswa zaidi na "kuzima" kusikozima. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kugusa alama ya Wi-Fi au Bluetooth kwenye paneli ya haraka ya iPhone kunakata tu miunganisho mingi. Redio yenyewe inabaki hai, na ili kuizima kabisa lazima uingie kwenye mipangilio. Android nayo, tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, inaweza kuendelea kutafuta mitandao ya Wi-Fi ili kujua mahali ulipo hata kama Wi-Fi imezimwa. Swichi ya utafutaji huo iko ndani ya mipangilio ya mahali.

Bluetooth ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ikiwa imewashwa tu bila kuunganishwa na chochote, ulaji wake ni mdogo kiasi kwamba kwenye jaribio la siku moja utapotea ndani ya tofauti za kawaida. Kulazimisha 2G nako si dawa ya kila kitu: kwa simu ya kupokelea miito inaweza kusaidia, lakini ukiperuzi, ukurasa unachukua muda mrefu kushuka, na muda wote huo kioo kinawaka na modemu iko kazini.

Ukitaka kupima simu yako, iache usiku kucha katika hali ya ndege na uandike asilimia zilizopungua. Usiku wa pili iache mahali palepale ikiwa na Wi-Fi peke yake, wa tatu laini moja na data, wa nne laini zote mbili. Kila usiku anza na chaji ileile, na kwa usiku wa laini andika pia ile namba ya dBm. Utakayemwonyesha matokeo yako mpe na orodha ya redio zilizokuwa zimewashwa.