Upimaji tamati: C ya Hisabati inasema nini?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wazazi hapa Tabora hutufuata walimu hadi sokoni. Safari moja mama wa Ipuli alinionyesha simu: "Mwalimu, huyu kapata C ya Hisabati. Kwani kinachomshinda ni nini?" Swali la maana sana, ila C haina jibu lake.

Upimaji tamati ni ule unaofanyika kozi, mwaka au ngazi ya elimu inapofika ukingoni, kuona mwanafunzi kafikia wapi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni wa aina hiyo: masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Alama 21 hadi 30 ni C. 31 hadi 40 ni B. Sasa tazama: mwenye 30 na mwenye 31 wamepishana alama moja, herufi zikawatenga. Mwenye 21 na mwenye 30 wamepishana tisa, wote wakaitwa C. Kwa kazi ya kupanga nani anaendelea na masomo, herufi hizo zinafaa. Kwa kazi ya kumfundisha mtoto zimechelewa, tena ni bubu.

Wafugaji wa nyuki wa huku wanalijua jambo hili. Siku ya kurina, ndoo inakuonyesha umepata asali kiasi gani. Haikuambii siafu waliingia mzingani mwezi gani. Hilo hulijua aliyekuwa akipita kukagua. Ukaguzi huo, kwa darasani, ni upimaji endelevu: jaribio la Ijumaa, maswali ya ubaoni, daftari.

Mwanafalsafa Michael Scriven alizitenga tathmini hizi mbili kwa majina mwaka 1967. Mwaka huohuo Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapahapa Tabora, aliilalamikia mitihani katika Elimu ya Kujitegemea: inapima kukariri na kutema kwa saa maalumu. Siku hizi kidato cha nne alama za upimaji endelevu huchangia 30 kati ya 100, mtihani wa mwisho 70. Afadhali, ingawa mizani bado imelalia upande mmoja.

Yule mama nilimwomba alete madaftari. Tulifunua la mwezi wa tano: kila palipokuwa na desimali, kalamu nyekundu ilikuwa imepita.